Hadubini na Tashbihi: Uhakiki wa Mtindo wa Robert Hooke katika Micrographia

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuipima kazi ya sanaa kwa mizani ya fani na maudhui. Mizani hiyo imetumiwa kupimia riwaya, tamthilia, utenzi na shairi, na matunda yake yanajulikana. Ni nadra, hata hivyo, kuona mizani hiyo ikitumiwa kupimia kitabu cha sayansi. Huchukuliwa kwamba kitabu cha namna hiyo kina maudhui tu, na kwamba fani yake, kama ipo, ni mfano wa chupa ya dawa: dawa ikishanywewa, chupa hutupwa.

Makala haya yanakusudia kuipinga dhana hiyo kwa kukihakiki kitabu kimoja mashuhuri, nacho ni Micrographia cha Mwingereza Robert Hooke, kilichochapishwa mjini London mwaka 1665. Hoja kuu ni kwamba tashbihi katika kitabu hicho si pambo lililobandikwa juu ya maarifa. Tashbihi ni chombo cha pili cha kuonea, na bila chombo hicho kile cha kwanza, yaani hadubini, kingemfaidi mtu mmoja tu: yule aliyekiweka jicho lake kwenye kioo. Hoja hii ikikubalika, basi lina makosa lile wazo lililoenea kwamba Kiswahili kitakuwa lugha ya sayansi siku kitakapopata orodha ndefu ya istilahi. Jambo hilo litarejelewa kuelekea mwisho wa makala.

Mwandishi na Kitabu Chake

Robert Hooke alizaliwa mwaka 1635 katika kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, akafariki mwaka 1703. Tangu mwaka 1662 alikuwa msimamizi wa majaribio wa Royal Society, chama cha wataalamu wa sayansi kilichokuwa kichanga wakati huo. Kazi yake ilikuwa kuwaonyesha wanachama majaribio mapya katika mikutano yao, na sehemu ya Micrographia ilitokana na maonyesho hayo. Kitabu kilipotoka, mwandishi hakuwa ametimiza miaka 30.

Mambo mawili kuhusu kitabu hicho yafaa yatajwe mapema. La kwanza ni lugha. Wakati huo Kilatini kilikuwa bado ndiyo lugha ya wasomi wa Ulaya, lakini Hooke aliandika kwa Kiingereza, lugha ya sokoni na ya nyumbani kwao. La pili ni picha. Kitabu kina michoro mikubwa iliyochongwa kwa ustadi mno, na ule wa kiroboto hukunjuliwa hata ukapita ukubwa wa ukurasa wenyewe. Samuel Pepys, aliyekuwa mtumishi wa serikali katika idara ya jeshi la majini, aliandika katika shajara yake ya Januari 1665 kwamba alikesha hadi saa nane za usiku akikisoma, na akakisifu kuliko vitabu vyote alivyowahi kusoma. Pepys hakuwa mwanasayansi. Alikuwa msomaji wa kawaida aliyependa tamthilia, muziki na mazungumzo. Kukesha kwake ni ushahidi wa kwanza kwamba kitabu hiki kilisomwa pia kwa namna kazi ya fasihi inavyosomwa.

Muundo: Kutoka Nukta hadi Mwezini

Kitabu kina sura 60, na kila sura inaitwa uchunguzi. Msomaji wa haraka ataona kwamba sura hizo hazina mpango: kitambaa cha kitani kinafuatwa na hariri, hariri na kioo, kioo na cheche za jiwe la kiberiti. Akisoma kwa makini zaidi atagundua kwamba uko mpangilio, na kwamba mpangilio huo wenyewe ni hoja.

Hooke anaanza na ncha ya sindano. Anaeleza kwamba kama vile elimu ya jometri inavyoanza na nukta, ndivyo naye anavyoanza na kitu kilicho karibu mno na nukta miongoni mwa vitu vishikikavyo. Lakini ncha hiyo, ambayo kwa jicho tupu ni mfano wa ukali usiopitwa, chini ya hadubini inaonekana butu, pana na yenye mabonde. Baada ya sindano anaitazama nukta iliyochapwa kitabuni, ile inayofunga sentensi, nayo inageuka kuwa doa kubwa lenye kingo chafu, mithili ya tope la njia za London. Kisha wembe, na makali yake yanaonekana kama shamba lililolimwa kwa jembe la kukokotwa, lenye matuta na mifereji.

Katika sura hizo za mwanzo vitu vyote vilivyosogezwa chini ya kioo ni kazi za mikono ya binadamu, na vyote vinaaibika. Baadaye zinafuata kazi za maumbile: kuvu, mbegu, mbawa, macho ya inzi. Hizi hazifedheheki. Kadiri zinavyokuzwa ndivyo uzuri wake unavyozidi kujitokeza. Msomaji anaongozwa hatua kwa hatua kufikia dhamira ambayo Hooke mwenyewe anaitaja waziwazi, yaani kwamba fundi wa maumbile hashindwi hata katika kitu kidogo kupita vyote. Sura mbili za mwisho zinaacha hadubini na kushika darubini ya angani: zinahusu nyota na mwezi. Kitabu kilichoanza kwenye ncha ya sindano kinaishia mbinguni.

Muundo huo una dosari zake. Kati ya sura hizi Hooke anasimama kwa kurasa nyingi kujenga nadharia kuhusu rangi, joto na hewa, na hapo nathari yake inakuwa nzito na yenye kujizungusha. Mara kwa mara anaahidi kulirudia jambo mahali pengine, ahadi ambayo haitimizi. Yaelekea alikuwa mwandishi wa kutazama kuliko wa kuhitimisha, na penye kutazama ndipo kalamu yake inapopata uhai.

Tashbihi Kama Chombo cha Kuonea

Miaka miwili baada ya Micrographia, yaani mwaka 1667, Thomas Sprat alichapisha historia ya Royal Society. Humo aliwasifu wanachama kwa kuyakataa mapambo ya lugha na kupendelea usemi mtupu, wa karibu na wa asili, ulio sawa na ule wa mafundi na wafanyabiashara. Hooke naye katika dibaji yake anadai kwamba kazi ya namna hii inahitaji mkono mwaminifu na jicho la kweli kuliko uwezo mkubwa wa kubuni. Kwa kauli hizo mbili, mtu angetarajia kitabu kisicho na tamathali hata moja.

Hali sivyo ilivyo. Ni vigumu kupata ukurasa wa uchunguzi wa Hooke usio na tashbihi. Kiroboto amevaa deraya nyeusi iliyong'arishwa, yenye viungo vilivyounganishwa kwa ustadi, na mwilini mwake mna miiba kama ya nungunungu. Kuvu lililoota juu ya jalada la ngozi la kitabu ni msitu wa uyoga mdogo. Gome la mti litumikalo kutengenezea vizibo vya chupa, likikatwa kwa kisu kikali sana, linaonekana kama sega la nyuki.

Je, Hooke alivunja sheria ya chama chake? Jibu linategemea jinsi tashbihi inavyoeleweka. Kama tashbihi ni urembo, basi aliivunja. Lakini fikiria hali ya mwandishi huyu. Alikuwa ameona vitu ambavyo havikuwa na majina, na ambavyo msomaji wake hakuwa na njia ya kuviona. Kwa mtu aliye katika hali hiyo, lugha tupu haipo. Neno la wazi huwa wazi kwa sababu msemaji na msikilizaji wamekiona kitu kimoja, na pasipo hivyo kilichobaki ni kusema "ni kama". Tashbihi za Hooke, kwa kweli, zimetoka palepale Sprat aliposema lugha itoke: shambani, karakanani, kwenye ghala la silaha, kwenye mzinga. Mwandishi alifuata roho ya sheria kwa kuvunja herufi yake.

Mfano wa sega la nyuki unastahili kuangaliwa zaidi, kwa kuwa ndio uliozaa neno. Hooke aliviita vijishimo vya gome lile kwa neno la Kiingereza lenye maana ya vyumba vidogo, neno ambalo Kiswahili kimelipokea kama seli. Kisha akavihesabu. Alipata 60 vikiwa vimepangwa mstari mmoja katika sehemu ya 18 ya inchi. Kwa hesabu hiyo, alisema, inchi moja ina zaidi ya 1,000, inchi ya mraba ina zaidi ya milioni moja, na inchi ya ujazo ina zaidi ya milioni 1,200. Alikiri kwamba jambo hilo lisingesadikika lau hadubini isingalilithibitisha. Hapa tashbihi na hesabu zinafanya kazi bega kwa bega: sega linampa msomaji umbo, tarakimu zinampa kiasi. Kimoja bila kingine kingemwacha ama na njozi ama na orodha.

Pamoja na hayo, kuna kinaya ambacho mhakiki hawezi kukipita. Vyumba vile vilikuwa vitupu. Gome lilikuwa limekwisha kufa, na alichokiona Hooke kilikuwa kuta tu, wenyeji wakiwa wametoweka zamani. Neno ambalo leo hutaja msingi wa uhai wote lilizaliwa kwa kutazama nyumba zilizohamwa. Kwa msomaji wa Kenya kinaya hicho kina ncha nyingine, maana seli ni mahali anapolazwa mtu aliyekamatwa na polisi. Mwanafunzi asikiaye kwa mara ya kwanza kwamba mwili wake umejengwa kwa seli ana haki ya kushtuka. Istilahi, kama inavyoonekana, ni tashbihi iliyozeeka ikasahau utoto wake. Anayeifundisha bila kuirudishia utoto huo humpa mwanafunzi sauti bila picha.

Chawa: Tashihisi na Kejeli

Sura inayodhihirisha kipaji cha Hooke kuliko zote ni ile ya chawa, ambayo ni ya 54. Hapa mwandishi anaacha tashbihi na kuingia katika tashihisi. Chawa anaelezwa kama mtu anayejipendekeza kiasi kwamba hakuna asiyejuana naye, asiye na haya, anayejitia katika kila baraza, mwenye kiburi cha kuwakanyaga hata wakubwa, na ambaye hatamani kitu kama anavyotamani taji. Neno la Kiingereza la taji lina maana pia ya utosi, na humo ndimo kejeli ilimojificha. Kitabu hiki kilitabarukiwa Mfalme Charles II, ambaye alikuwa amerudishwa kwenye kiti chake mwaka 1660 na kuzungukwa na kundi la watu wa kujikomba. Msomaji wa wakati huo hakuhitaji kuambiwa ni chawa gani hasa aliyekusudiwa.

Mtafsiri wa Kiswahili ataupoteza mchezo huo wa maneno, kwani taji na utosi ni maneno mbalimbali. Lakini atakachopoteza kwa mkono mmoja atakipata kwa mwingine. Katika Kiswahili cha miaka hii, hasa nchini Tanzania, chawa ni jina la mtu anayeishi kwa kumsifu mkubwa ili apate makombo. Kabla yake alikuwako kupe, aliyekuwa nembo ya mnyonyaji katika siasa za Ujamaa. Kwa hiyo istiari ambayo Hooke aliibuni katika London ya karne ya 17 imezaliwa upya, bila mawasiliano yoyote, katika vinywa vya watu wasiopata kusikia jina lake. Hilo linadokeza kwamba hakuwa akitunga kichekesho tu. Aliuona ulingano wa kweli baina ya tabia ya mdudu na tabia ya mtu.

Mara tu baada ya kejeli hiyo sauti inabadilika. Hooke anasimulia jinsi alivyomwacha chawa amnyonye mkononi, akaitazama damu ikipita ndani ya mwili wake. Katika sura nyingine anaeleza taabu ya kumchora sisimizi, ambaye hakukubali kutulia, hata ikambidi amleweshe kwa kileo kikali. Sisimizi alilala kama maiti kwa muda wa saa nzima, kisha akaamka na kwenda zake mbio. Masimulizi mafupi ya namna hii yanamfanya msomaji amwamini mwandishi. Anayetaja jinsi alivyosumbuka haelekei kuwa mtungaji wa uongo.

Wapinzani wa Hadubini

Hadubini ilipata maadui mapema, na wakali wao walikuwa waandishi. Mwaka 1666 Margaret Cavendish, bibi wa ukoo bora na mwandishi wa tamthilia, mashairi na falsafa, alichapisha kitabu cha kuipinga elimu hiyo ya majaribio. Alikuwa na hoja mbili. Kwanza, kioo hupotosha, kwa kuwa kinachokuza kitu hukibadilisha umbo, na mwanga ukigeuka picha nayo hugeuka. Pili, elimu hiyo haina faida: hata kama chawa atachorwa akawa mkubwa kama kaa, ombaomba anayeumwa naye atapata nini? Hatafundishwa jinsi ya kumzuia asizaane wala asimwume.

Mwaka 1676 tamthilia ya Thomas Shadwell iitwayo The Virtuoso iliwachekesha watu wa London kwa mhusika Sir Nicholas Gimcrack, bwana aliyemaliza mali yake kwa kununua hadubini za kutazamia minyoo ya siki. Hooke mwenyewe alihudhuria onyesho mwezi wa Juni mwaka huo, akatoka na uchungu mwingi, kwani alihisi watazamaji wakimwelekezea vidole. Nusu karne baadaye, katika Gulliver's Travels ya mwaka 1726, Jonathan Swift alimpeleka shujaa wake katika nchi ya majitu, na humo akawaona kwa macho matupu chawa wakitambaa juu ya nguo za ombaomba, wazi kuliko wanavyoonekana Ulaya kwa hadubini. Swift hakukana kwamba chombo kinasema kweli. Alichouliza ni kama binadamu anaweza kuistahimili kweli hiyo akiendelea kujiona mzuri.

Kati ya hoja hizo, ile ya kwanza ya Cavendish inajibiwa na Hooke katika dibaji yake, kabla haijatolewa. Anakiri kwamba macho ya inzi katika mwanga mmoja yalionekana kama wavu wenye matundu, katika jua kama ubao uliopigiliwa misumari ya dhahabu, na katika mikao mingine kama mapiramidi au pia. Kwa sababu hiyo hakuchora kitu mpaka awe amekitazama katika mianga mingi na kulitambua umbo lake la kweli. Alipomaliza alihesabu karibu vijiduara 14,000 katika macho ya inzi mmoja, na katika kila kimoja akaona taswira ya dirisha lake, mti mkubwa uliokuwa nje, na vidole vyake mwenyewe. Mtazamaji alijikuta akitazamwa. Ni vigumu kupata katika nathari ya karne hiyo taswira yenye kina kuishinda hiyo.

Hoja ya pili, ile ya ombaomba, ni nzito zaidi, nayo haikujibiwa na Hooke. Ilijibiwa na historia.

Kilichofichwa Chini ya Deraya

Kitabu chenye picha ya kiroboto kilitoka Januari 1665. Miezi michache baadaye tauni ilienea London ikaua watu kwa makumi ya maelfu. Hooke aliuhama mji pamoja na wenzake wawili, wakaendelea na majaribio yao mashambani. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeweza kujua kwamba yule askari wa deraya nyeusi, aliyekuwa akikunjuliwa mezani kwa mshangao katika nyumba za matajiri, alikuwa wa jamaa ya wadudu wabebao ugonjwa huo. Viini vya tauni vilitambuliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894, na Paul-Louis Simond akaonyesha mwaka 1898 kwamba hupitishwa na viroboto wa panya. Miaka minne tu baadaye, mwaka 1902, tauni ilizuka Nairobi na soko la Wahindi likachomwa moto.

Haitakuwa haki kumlaumu Hooke, kwa kuwa vioo vyake havikuwa na nguvu ya kuvionyesha viini hivyo. Hata hivyo mhakiki hana budi kuona kwamba tashbihi ya deraya ni tashbihi ya nje. Inamwalika msomaji aushangae umbuji wa gamba, na hapo inamsimamisha. Kila tashbihi hufungua mlango mmoja na kufunga mwingine, na mwandishi wa sayansi apaswa kuujua ule anaoufunga.

Ombaomba wa Cavendish naye alipata jibu lake, tena katika Afrika. Mwaka 1909 Charles Nicolle, akiwa Tunis, alionyesha kwamba homa kali ya taifasi hupitishwa na chawa wa nguoni. Alikuwa amegundua kwamba wagonjwa waliwaambukiza watu wa mjini na hata wapokezi wa hospitali, lakini walipokwisha kuoshwa na kuvuliwa nguo zao hawakumwambukiza mtu tena. Kwa kazi hiyo alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1928. Hadubini peke yake haikuleta jibu hilo, bali hadubini pamoja na jicho lililokaa mlangoni pa hospitali. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Leeuwenhoek na Vijidudu

Aliyefika mbali kuliko Hooke alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, aitwaye Antoni van Leeuwenhoek, aliyeishi kuanzia mwaka 1632 hadi 1723. Hadubini zake zilikuwa za kioo kimoja kidogo sana, na mojawapo ya zilizosalia, iliyo Utrecht, hukuza kitu kiasi cha mara 270. Hakujua Kilatini wala Kiingereza. Kuanzia mwaka 1673 alituma London barua kwa Kidachi cha nyumbani, na ile ya tarehe 9 Oktoba 1676, miezi minne tu baada ya Hooke kuchekwa katika ukumbi wa tamthilia, ilieleza viumbe hai visivyohesabika ndani ya maji.

Leeuwenhoek hakuwa na madaha ya Hooke. Anapima kwa chembe ya mchanga, kwa unywele, kwa jicho la chawa, kama muuzaji apimaye kitambaa kwa wari. Neno alilotumia kwa viumbe hao ni jina la mnyama katika umbo la udogo, jambo ambalo Kidachi hulifanya kwa kiambishi tamati. Watafsiri walilazimika kuliingiza katika vazi la Kilatini. Kiswahili kisingehitaji vazi hilo. Kwa ngeli ya KI-VI, mdudu huwa kidudu, na kidudu huwa kijidudu, na mjumbe wa Delft angefasiriwa kwa neno moja ambalo mkulima yeyote angelielewa.

Lakini wepesi huo una hatari yake. Kijidudu bado ni mdudu, na mdudu ana miguu, huonekana akihama, na akipondwa amekwisha. Bakteria si hivyo. Leeuwenhoek mwenyewe aliwapa baadhi ya viumbe vyake vijiguu. Zaidi ya hayo, umbo la udogo katika Kiswahili mara nyingi hubeba dharau, ilhali methali inaonya kwamba mdharau mwiba guu huota tende.

Funzo kwa Kiswahili

Kiswahili hakikosi istilahi. Neno darubini lilitoka Uajemi likiwa na maana ya kuona mbali, na hadubini ni ndugu yake, mwisho wake ukiwa ni ule ule wa kuona. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Nchini Tanzania watoto wa shule za msingi za umma wamesomeshwa sayansi kwa Kiswahili tangu miaka ya 1960. Kenya hufundisha sayansi kwa Kiingereza katika madarasa ya juu ya shule za msingi na katika sekondari, lakini mgonjwa na mhudumu wa zahanati huzungumza kwa Kiswahili kila siku.

Hapo ndipo suala la mtindo linapogeuka kuwa suala la uhai. Katika maabara ya zahanati tone la damu hutandazwa juu ya kipande cha kioo, hutiwa rangi, na mtaalamu hutafuta vimelea vya malaria, vile alivyoviona kwa mara ya kwanza Alphonse Laveran mjini Constantine, Algeria, mwaka 1880. Makohozi hutazamwa vivyo hivyo ili kuvitafuta viini vya kifua kikuu alivyovitangaza Robert Koch mwaka 1882. Mgonjwa havioni. Hupewa kikaratasi chenye neno moja. Kama ni kifua kikuu, kwa kawaida huambiwa anywe dawa kwa miezi sita. Baada ya wiki chache kikohozi kinapungua, nguvu zinarudi, naye anajiuliza kwa nini aendelee kumpiga mdudu aliyekwisha kufa.

Neno kijidudu, likiwa peke yake, linampa sababu ya kuacha. Istilahi bakteria haimpi sababu yoyote. Kinachohitajika ni tashbihi iliyochaguliwa kwa uangalifu: kwa mfano moto wa makaa uliofunikwa na jivu, ambao hauonekani wala hautoi moshi, lakini upepo ukivuma huwaka upya. Tashbihi hiyo nayo ina mlango inaoufunga, kwa kuwa haielezi jinsi viini vinavyojifunza kustahimili dawa iliyokatizwa. Itabidi isaidiwe na nyingine. Kazi ya kuzitafuta, kuzipima na kuzikataa zile zinazopotosha haiwezi kuachiwa kamati ya istilahi peke yake, wala haiwezi kuachiwa daktari peke yake. Ni kazi ya waandishi, na ya wahakiki watakaowasahihisha.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba Micrographia ni kitabu ambacho fani na maudhui yake haviwezi kutenganishwa. Mpangilio wa sura zake ni hoja, tashihisi yake ya chawa ni kejeli iliyotimia, na tashbihi zake ndizo zilizouwezesha umma kuona kilichoonwa na mtu mmoja. Imeonyeshwa pia kwamba kitabu hicho kina upungufu: kinadhoofika kinapoingia katika nadharia, na baadhi ya tashbihi zake zinaishia kwenye gamba la kitu. Upungufu huo wa pili una mafunzo sawa na ubora wake.

Hooke hakungoja Kiingereza kikamilike ndipo aandike. Alichukua maneno ya mkulima, ya mhunzi na ya mfuga nyuki, akayaelekeza kwenye kitu ambacho hayakuwahi kukitaja, na baadhi ya maneno hayo yakawa istilahi baada ya kazi kufanyika. Mwandishi wa Kiswahili ana jembe, ana jivu, ana mzinga, na ana chawa. Kinachosubiriwa ni kitabu.